Siku Sita Kati ya Tabora na Kigoma: Kuwafuata Mashahidi wa Elimu

Siku ya kwanza: Tumbi

Mimi ni mkutubi katika shule ya sekondari mjini Tabora, na safari hii ilianzia rafuni. Mwezi Julai, nilipokuwa nikipanga upya vitabu na nakala za makala ambazo nimezikusanya kwa miaka mingi, nilitambua kwamba maandishi ya kitaalamu yanayohusu mkoa wetu na ule wa Kigoma yametawanyika katika rafu saba zisizopakana: kilimo, isimu, akiolojia, historia, elimu ya ziwa, zoolojia na kemia. Waandishi wake hawatajani. Mtaalamu wa magamba ya samaki hana habari za mtaalamu wa toni za Kinyamwezi, yaani kupanda na kushuka kwa sauti katika maneno, ingawa huenda wote wawili walishuka katika kituo kimoja cha reli na kunywa chai kwa mama lishe mmoja. Tena karibu maandishi yote hayo yako katika lugha ambayo wengi wa watu waliosaidia kuyapata hawaisomi.

Niliamua kuitumia likizo fupi ya Septemba kwenda kuona, si matokeo, kwa kuwa hayo ninayo kwenye makaratasi, bali vile vitu ambavyo kila mtafiti alivishika na kuviita ushahidi. Kwa muda mrefu nimeamini kwamba taaluma hutofautiana kwa shahidi kuliko zinavyotofautiana kwa mada. Huyu humhoji mti, yule tope, mwingine wino uliofifia, na kila shahidi ana namna yake ya kuulizwa.

Nilianzia Tumbi, nje kidogo ya mji, ambako utafiti wa kilimo na wa tumbaku umefanyika kwa miaka mingi. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto ndani ya mabani, yaani vibanda vya kukaushia, na moto huo umekula miombo ya Tabora na Urambo kwa vizazi kadhaa. Watafiti wa kilimo-misitu walijaribu hapa miti inayokua upesi, mmojawapo ukiwa mkakaya wa asili ya Australia uitwao kitaalamu Acacia crassicarpa, ambao hupandwa pamoja na mahindi kwa miaka ya mwanzo kisha huachwa ukue uwe kuni, na baada ya kukatwa shamba hurudi kwenye mahindi. Shahidi wao ni mzani: kuni zina uzito gani kwa hekta, mahindi yamepungua kiasi gani chini ya kivuli, udongo umebaki na nini.

Hatua chache kutoka kwenye miti hiyo ya kupandwa husimama mtundu, mti wetu wa miombo, na hapo swali hugeuka kabisa. Mizizi ya mtundu na ya ndugu zake huvikwa na nyuzi nyembamba za kuvu, ambazo huuletea mti madini ya udongo na kupokea sukari kutoka kwake. Uyoga ambao kina mama wa Tabora hutuuzia kando ya barabara wakati wa mvua, kwa sehemu kubwa, ni tunda la ushirikiano huo. Bwana shamba mmoja aliyekuwa akipima unene wa mashina aliniambia kwamba anaujua uyoga huo kwa kuula tu, na kwamba hakuwahi kuuhusisha na kuni anazozipima. Sikumshangaa. Mtaalamu wa kuni huangalia kilicho juu ya ardhi na mtaalamu wa kuvu hufukua, lakini anayekata mtundu mmoja kwa ajili ya bani anakata pia uyoga wa jirani yake, na hesabu ya namna hiyo haitapatikana katika rafu moja.

Siku ya pili: ndani ya garimoshi, hadi Uvinza

Tuliondoka Tabora usiku. Katika behewa letu walikuwamo wazee wawili wa Urambo, mji unaobeba jina la Mirambo, mtawala aliyefariki mwaka 1884, na mazungumzo yao ya Kinyamwezi yalinifanya nisipate usingizi, si kwa kelele bali kwa uzuri. Kiswahili hakina toni. Kinyamwezi kinazo, na mtu asiyezizingatia hueleweka nusu. Sarufi kubwa ya lugha hii iliandikwa na Clement Maganga pamoja na Thilo Schadeberg, ikachapishwa mwaka 1992. Katika Kisukuma, lugha ndugu, wanaisimu walikwisha kuonyesha jambo linalonistaajabisha kila ninapolisoma: toni ya juu inaweza kutokea kwenye kiambishi kimoja lakini ikasikika mbele zaidi, kwenye silabi ambayo haikuizaa. Mwanaisimu huligundua jambo hilo kwa kumwomba msemaji arudie neno lilelile katika sentensi ishirini tofauti, na kusikiliza ni wapi sauti inapanda.

Nilimwamkia mzee mmoja kwa “Mwangaluka”, kisha nikamwomba anisemee maneno kadhaa polepole. Aliniuliza kwa nini ninataka kusikia jambo ambalo kila mtoto wa Urambo analijua. Nikamjibu kwamba kila mtoto analijua kwa kulisema, ila walioandika kanuni yake ni wachache mno. Alitafakari kwa muda, akasema, “Basi wamefanya kazi, mwanangu. Mimi nimesema miaka sabini na sijui ninafanyaje.”

Tulipita Kaliua na Nguruka gizani. Kulipopambazuka tulikuwa Uvinza, na nikateremka mlangoni nitazame upande wa mto Ruchugi, maana hapa chemchemi za maji ya chumvi hutoka ardhini na watu wamezichemsha kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 1967 John Sutton na Andrew Roberts walichimba hapa, na mwaka uliofuata wakachapisha maelezo yao kuhusu kazi ya chumvi ya Uvinza, ambayo mabaki yake ya zamani kabisa waliyaweka katika karne ya 5 na ya 6. Shahidi wa mwanaakiolojia ni kigae cha chungu kilichovunjika na makaa ya moto uliozimika. Aliyekivunja chungu kile huenda alisikitika kwa hasara ya siku moja. Kigae chake ndicho kilichotujulisha kwamba palikuwa na mafundi wa chumvi hapa kabla ya msafara wowote wa pwani kufika.

Nilinunua kifuko cha chumvi.

Siku ya tatu: Ujiji

Nimefikia kwa shangazi yangu, katika mtaa wa Mwanga mjini Kigoma, na asubuhi nilikwenda Ujiji, kwenye kumbukumbu ya Livingstone chini ya miembe. Kila mgeni hapa huelezwa juu ya kukutana kwa Stanley na Livingstone mwaka 1871. Stanley aliandika kwamba ilikuwa tarehe 10 Novemba, ilhali hesabu ya siku ya Livingstone mwenyewe hailingani naye, kwa sababu mmoja wao au wote wawili walikuwa wamepotewa na tarehe kutokana na maradhi. Lakini mimi sikuja kwa ajili ya mkutano huo. Nilikuja kwa ajili ya karatasi ambazo Livingstone alirudi nazo hapa mwezi Oktoba mwaka huo.

Alikuwa ametoka Nyangwe, ng’ambo ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Karatasi zilimwishia, na wino pia. Akachukua magazeti ya zamani ya Uingereza, akayageuza, akaandika kukatiza mistari iliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa kwa mbegu za mmea wa huko. Katika karatasi hizo alieleza aliyoyaona tarehe 15 Julai 1871, wakati wafanyabiashara wa watumwa walipowafyatulia risasi watu waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake, na mamia wakafa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Wino ule ukafifia. Kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyeweza kuisoma shajara ile ya awali kikamilifu, na ulimwengu ulitegemea maandishi yaliyohaririwa na kuchapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake.

Sasa nisimame hapa kidogo, kwa sababu katika safari yote hili ndilo jambo lililonigusa zaidi. Walioirudisha shajara ile hawakuwa wanahistoria peke yao. Kikundi kilichoongozwa na Adrian Wisnicki, mtaalamu wa fasihi, kiliungana na wataalamu wa picha, akiwamo Roger Easton, ambao kazi yao ni mwanga. Kila ukurasa ulipigwa picha nyingi chini ya mwanga wa rangi mbalimbali, kuanzia urujuanimno hadi infraredi, ambazo jicho halizioni. Wino wa kiwandani wa gazeti na wino wa mbegu haviakisi mwanga kwa namna moja. Mahali rangi moja inapovificha vyote viwili, rangi nyingine hukifichua kimoja na kukizimisha kingine. Kompyuta ikazilinganisha picha hizo, mistari ya gazeti ikafifishwa, na mwaka 2011 maneno ya mwaka 1871 yakawekwa hadharani yasomwe na yeyote. Yalipolinganishwa na chapisho la mwaka 1874 yalionekana kutofautiana nalo, na hilo limewapa wanahistoria sababu ya kuuliza upya ni nani alifanya nini siku ile, na nini kiliachwa katika uhariri.

Mtu anaweza kusoma fizikia ya mwanga maisha yake yote bila kulisikia jina la Nyangwe. Anaweza pia kuisoma historia ya biashara ya watumwa bila kujua mwanga wa infraredi ni nini. Hakuna mtaala unaozikutanisha elimu hizi mbili. Kilichozikutanisha ni uhaba wa karatasi wa mtu mmoja mgonjwa na mbegu za mmea.

Bibi mmoja anayeuza ndizi karibu na geti aliniuliza ninaandika nini kwa muda mrefu hivyo. Nilimweleza habari za shajara. Akasema bibi yake mzaa babu aliletwa Ujiji kutoka Manyema, eneo la Nyangwe hiyo, akiwa mtoto, na kwamba nyumbani kwao jambo hilo husemwa kwa sauti ya chini. Aliniomba, kama maandishi hayo yana majina ya watu wa sokoni, nimtafutie. Nilimweleza ukweli kwamba Livingstone aliandika zaidi juu ya idadi na kilio kuliko majina. Shahidi yule, pamoja na thamani yake yote, hakumwuliza kila mtu jina lake.

Siku ya nne: Kibirizi na ziwani

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takribani kilomita 670 na kina cha mita 1,470, na duniani ni Baikal pekee lililo na kina zaidi. Maji yake ya chini hayachanganyiki kikamilifu na ya juu, kwa hiyo chini ya mita mia moja na zaidi hivi, upande huu wa kaskazini, hakuna oksijeni, na kinachozama huko hakichimbuliwi na minyoo wala konokono. Tope hulala tabaka juu ya tabaka kama kurasa.

Kurasa hizo zimesomwa. Mwaka 2003 Catherine O’Reilly na wenzake walichunguza isotopu za kaboni, yaani aina za kaboni zinazotofautiana kwa uzito, katika tope la ziwa hili, wakakadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya majini ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, jambo ambalo lingepunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Sababu waliyoitaja ni kwamba maji ya juu yameongezeka joto na upepo umepungua nguvu, na bila msukosuko huo rutuba ya chini haipandi. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walirudi na nguzo za tope zilizotolewa chini ya ziwa na kuonyesha kwamba mabaki ya samaki yalikwisha kuanza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kushika kasi katika karne ya 20.

Nilizisoma aya hizo mbili, kwa Kiswahili changu, mbele ya wavuvi wa dagaa waliokuwa wakianika mchangani. Walinisikiliza kwa makini, na nahodha mmoja akasema kwamba wao siku zote huambiwa nyavu zao ndizo zilizomaliza samaki. Nilimweleza kwamba utafiti huo hausemi nyavu hazina athari. Unasema nyavu hazikuwa peke yake. Aliniomba karatasi, nikampa.

Jioni nilisoma tena makala ya Michio Hori ya mwaka 1993 juu ya samaki mdogo wa ziwa hili ambaye hula magamba ya samaki wengine. Midomo ya samaki hao imepinda, baadhi kuelekea kulia na baadhi kushoto, na kila mmoja hushambulia ubavu mmoja tu. Wakizidi wa kulia, samaki wanaoliwa huulinda zaidi ubavu unaoshambuliwa mara nyingi, wa kushoto wakapata nafuu na kuongezeka. Kwa njia hiyo idadi huyumba huku na huku kwenye nusu kwa nusu. Aliyekuwa na swali kuhusu haki ya wachache angeweza kuanzia kwa samaki huyu, ila sijamwona mwanasheria akimtaja.

Siku ya tano: Gombe

Boti ya abiria iendayo Mwamgongo ilinishusha Kasekela. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika ufukwe huu tarehe 14 Julai 1960, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amemwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akichomeka bua la nyasi katika kichuguu na kulitoa likiwa limejaa mchwa. Wakati huo ilikuwa ikifundishwa kwamba kutengeneza zana ni kwa binadamu peke yake. Goodall alifariki mwaka 2025, lakini kumbukumbu za kila siku zinaendelea kuandikwa, kwa sehemu kubwa na Watanzania waliozaliwa katika vijiji vya jirani, wanaomfuata sokwe tangu anapoamka kwenye tundu lake hadi anapotandika jingine jioni.

Muongozaji wetu alituonyesha sokwe jike na mtoto wake kwa mbali, nasi tukanyamaza. Kilichonileta, hata hivyo, kilikuwa chini ya mti: kinyesi. Kwa kukusanya kinyesi cha sokwe wanaojulikana mmoja mmoja kwa jina, bila kumchoma yeyote sindano, wataalamu wa virusi waliweza kujua ni nani kati yao ana kirusi cha jamii moja na cha UKIMWI. Mwaka 2009 kikundi cha Beatrice Hahn kilionyesha kwamba sokwe wa Gombe wenye kirusi hicho wana hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri sawa wasio nacho. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba hakiwadhuru. Kirusi cha Gombe sicho kilichoanzisha janga kwa binadamu, kwani asili ya lile imefuatiliwa hadi kusini-mashariki mwa Kameruni. Jambo ninalotaka wanafunzi wangu walione ni kwamba maabara yenye vifaa vyote duniani isingeweza kulijibu swali lile bila daftari la mtu aliyekuwa akipanda mabonde haya kila asubuhi na kuandika ni nani amezaa, ni nani anaumwa, na ni nani hakuonekana tena.

Siku ya sita: Kibirizi tena

Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, iko mbali kusini, na likizo haikutosha. Ufukweni Kibirizi nilimkuta mzee wa Kitongwe akisubiri boti ya kurudi kwao, nikamwamkia, nikaketi kando ya mizigo yake. Kwa bahati nilikuwa na karatasi ya mwisho mkobani, tafsiri niliyoifanya mwenyewe ya tukio la Novemba 1987, na nikamwomba ruhusa nimsomee.

Mwaka huo, Mahale, Michael Huffman, mtafiti wa tabia za sokwe, alikuwa porini pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mlinzi wa hifadhi na mganga wa mitishamba. Walimfuata sokwe jike aliyeitwa Chausiku, aliyeonekana dhaifu na tumbo likimsumbua. Chausiku alikiendea kichaka cha mmea mchungu sana ambao sokwe hawali kwa kawaida, akautafuna na kumeza maji yake. Kalunde aliutambua mara moja: ni mjonso, dawa ambayo Watongwe huitumia kwa minyoo na maumivu ya tumbo. Kesho yake Chausiku alikuwa amepata nguvu. Kemia ikafuata: Koichi Koshimizu na Hajime Ohigashi wa Kyoto walitoa katika mmea huo viambato vichungu vipya. Wataalamu wa vimelea nao wakafuata, na kwa sokwe mwingine aliyetafuna mjonso mayai ya minyoo katika kinyesi yalishuka kutoka 130 hadi 15 ndani ya saa 20. Kalunde alisimulia pia kwamba babu yake aliijua dawa nyingine, mulengelele, kwa kumtazama nungunungu mgonjwa akichimba mzizi wake.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho, macho yake yakiwa ziwani. Kisha akaniomba nirudie sentensi inayoeleza namna Chausiku alivyotafuna. Nikairudia: “Alivunja tawi changa, akatafuna gome na maji yake machungu.”

“Hapo umekosea,” akasema. “Gome na majani hutupwa. Anayekula majani ya mjonso bila kujua kiasi anajidhuru.”

Aliinuka, akaenda kwenye mzigo wa vijiti vya muhogo vilivyokuwa vikisubiri kupakiwa kwa ajili ya mbegu, akamwomba mwenyewe kimoja, akakivunja. Kwa ukucha alilimenya gome lote, akalitupa majini, akanionyesha ile sehemu nyeupe, laini, ya katikati. Akasema huo ndio moyo wa shina, na katika mjonso huo ndio unaotafunwa, maji yakamezwa na nyuzi zikatemwa.

Nilizitoa nakala zangu zote na kutafuta ile ya wanakemia, iliyoandikwa miaka kadhaa baada ya tukio. Ilikuwamo, katika aya niliyoiruka kwa sababu ya majina yake magumu: kiambato chenye sumu zaidi, vernodalini, kimejaa katika majani na gome, na katika moyo wa shina ni kidogo sana. Nikamsomea. Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesikia jirani akithibitisha habari za kijijini.

Boti yake ilipoitwa nilimsaidia kubeba debe la mafuta ya mawese hadi majini. Kisha nikarudi kwenye mchanga, nikakata neno “gome”, na juu yake nikaandika “moyo wa shina”.